Bandiko la Bwana Kilobaiti

Chumba cha kurekodia hakikuwa na dirisha. Pale lilipokuwa, fundi sauti alikuwa amegandamiza godoro la sponji, na mlango ukishafungwa humsikii hata anayekohoa nje. Humo ndimo alimoshinda kwa miaka sita, akibana vipindi vya podikasti ya afya viwe faili ndogo ili vishuke upesi kwenye simu za wasikilizaji.

Kazi hiyo hakuipata kwa cheti. Aliipata kwa bandiko moja kwenye jukwaa la watengeneza podikasti mtandaoni, walikomwita Bwana Kilobaiti. Bandiko lilikuwa safi: vichwa vya herufi nzito, hatua zenye namba, aya fupi zisizochosha macho. Kwanza, ondoa kelele. Pili, geuza sauti iwe ya mkondo mmoja badala ya miwili. Tatu, ibane hadi kilobiti thelathini na mbili kwa sekunde. Nne, futa faili asilia, uokoe nafasi. Mkurugenzi wa shirika lenye podikasti hiyo alilisoma, akamwajiri, na tangu hapo akawa analigawa kwa kila anayekuja kwenye mafunzo.

Hatua ya nne ilikuwa kosa. Sauti ikibanwa kiasi hicho, kilichotoka hakirudi. Ukiihariri na kuibana tena inapiga miluzi kama bomba bovu. Mgeni mmoja aliliona hilo mapema, akaandika chini ya bandiko mistari mingi isiyo na nukta wala aya. Fundi akamjibu kwamba ajifunze kwanza kupanga maandishi. Watu wakacheka, wakapita. Mwaka mmoja baadaye fundi akagundua mwenyewe kwamba mgeni alisema kweli, akanyamaza. Hakudanganya tena, aliuacha tu mpangilio mzuri umdanganyie.

Asubuhi moja mwanamke asiyemjua akamwandikia jukwaani. Alikuwa na rekodi arobaini za marehemu mama yake akisimulia maisha yake. Hatua tatu amezimaliza, ya nne ameianza, ila roho inasita. "Nihakikishie, kaka yangu, ndipo niendelee."

Mtangazaji wa podikasti, ambaye ni dada wa mke wake, alikuta fundi ameikodolea macho skrini.

"Shemeji, tunarekodi au tunaswali?"

Fundi akamweleza yote. Mzaha ukamwisha mdomoni. Akashauri amwandikie huyo mwanamke faraghani, mambo yaishe kimyakimya.

"Na wengine wanaolisoma sasa hivi?" fundi akauliza.

"Wengine hawajakuuliza. Wewe una watoto, shemeji. Mkurugenzi atakuweka wapi?"

Fundi alijaribu kulirekebisha bandiko lenyewe. Likakataa, jukwaa lilikuwa limelifunga zamani na kulibandika juu kabisa kama mfano wa kuigwa. Iliyobaki ni nafasi ya maoni, palepale alipomcheka mgeni. Akaandika bila namba wala herufi nzito:

"Usifute. Hatua ya nne si sahihi. Nimelijua hilo miaka mitano nikaogopa kusema. Mgeni aliyenisahihisha alikuwa sahihi, nami nilimdhihaki."

Jibu la mwanamke halikukawia. "Nimeshafuta kumi na mbili."

Chini yake wakaanza wengine kutaja walivyofuta: mmoja mahojiano ya babu yake, mwingine vipindi vya miaka mitatu. Halafu simu ya mtangazaji ikaita. Alikuwa mkurugenzi, ameshayaona maoni hayo, akimtaka fundi ofisini sasa hivi. Mtangazaji akamnyooshea simu. Fundi hakuipokea.

"Mwambie nakuja. Huyu dada wa rekodi kwanza."

Akaandika haraka: asihifadhi kitu kingine kwenye kompyuta hiyo, hata picha moja, kwa sababu kilichofutwa huenda bado kipo mpaka kifunikwe na kingine, aizime, atumie simu kumjibu kompyuta ni ya aina gani. Mlango ukafunguliwa, mkurugenzi akasimama kizingitini ameshika bandiko lililochapwa kwenye karatasi. Fundi alimsalimu bila kuinuka, akageukia skrini kusubiri jibu.