Filamu Aliyoitafsiri Mume Wangu

Mpaka leo nikiona filamu ya Kihindi ya kuchekesha, ya hao waume wanaoficha wanawake kabatini, nasikia kinyaa. Filamu yenyewe haina kosa. Kinyaa ni chetu sisi tuliokuwa tunaicheka.

Mwaka ule wa Korona walipotufungia Liverpool, si ile ya mpira, hii ya huku kusini mwa dunia, helikopta zikizunguka juu ya mapaa kana kwamba tumeiba, mume wangu alirudia kazi yake ya ujana. Kambini Kigoma, tulikokuwa wakimbizi, ndiye alikuwa mtafsiri wa kibanda cha video: picha zinaendelea, yeye kashika maikrofoni anaweka Kiswahili. Kihindi hajui hata neno moja. Alikuwa anabuni tu na kuchomekea umbea wa kambi, na watu walivunjika mbavu.

Basi kila Jumapili jioni tulimpigia simu ya video mke wa rafiki yake, aliyebaki Kigoma akisubiri visa. Kwake, saa saba nyuma yetu, bado ilikuwa asubuhi. Tuliegemeza simu kwenye chupa ya chai aione televisheni yetu, na mume wangu akatafsiri. Dada huyo nilikua naye kambini. Alikuwa ameshaacha kazi ya kufundisha chekechea na mabegi ameshafunga, ndipo mipaka ikafungwa.

Huyo rafiki, shemeji yangu, alikuwa amepanga chumba kwetu. Serikali ilikataza wageni majumbani lakini ikaruhusu mtu kumtembelea mpenzi wake. Shemeji akaichangamkia ruhusa hiyo, akahamia mtaa wa Minto kwa mwanamke mwingine. Akaniachia maneno ya kusema, na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikayabeba: "Dada, mumeo yuko kazini Smithfield. Kiwandani simu haziruhusiwi." Niliyasema wiki baada ya wiki. Nikilalamika, mume wangu anasema ndoa za watu hazituhusu. Zingekuwa hazituhusu, tusingetumwa.

Jumapili moja filamu ilikuwa ya mume aliyemdanganya mkewe kwamba hawara ni mke wa rafiki yake, na mke halisi wa rafiki akadhaniwa ni hausigeli. Upuuzi mtupu. Ikafika mahali mke anapiga simu kumtafuta mumewe, mke wa rafiki anapokea, macho yamemtoka. Mume wangu, utamu umeshamkolea, akabana pua akatoa sauti ya kike: "Dada, mumeo yuko kazini Smithfield. Kiwandani simu haziruhusiwi!" Kisha kwa sauti yake ya kibandani: "Kumbe mwenzenu yuko Minto anakandwa mgongo!"

Nilicheka. Naandika hili nisije nikajisafisha. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu ndipo nikasikia kilichosemwa.

Binti yetu alikuwa anasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Akageuka. "Dad, she never said Minto." Kwenye maandishi hapakuwa na Minto.

Kwenye simu, dada alikuwa hacheki.

"Shemeji, huo utani tu," mume wangu akamwambia, jasho linamtoka. "Si unajua mambo ya kibanda? Mimi naongezea chumvi." Nilimtazama nikaona aibu kuwa mke wake. Kisha nikakumbuka kwamba yale maneno yalikuwa yangu, yeye aliyaazima tu.

Dada akaniita mimi.

"Dada, ni tangu lini?"

Ningeweza kusema sijui. Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, umeshazoea kukaa hapo, na nilitamani kuutema.

"Tangu Julai," nikasema.

Jogoo aliwika nyuma yake.

"Tangu Julai nafunga kila Ijumaa ili mipaka ifunguliwe," akasema. "Na kila nikimaliza kuomba kwenye simu, ni wewe unayeitikia amina."