Msomaji Aliyekausha Bwawa

Huku kwetu Łódź, mji wa Poland, filamu ya kigeni ambayo hakuna aliyejali kuiandikia tafsiri chini ya picha husomwa. Mtu mmoja huketi kwenye kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi, karatasi za tafsiri mbele yake, maikrofoni mdomoni, akasoma maneno ya kila mtu: ya bwana harusi, ya bibi harusi, ya mtoto anayelia, ya askari aliyekuja kumkamata baba wa mtoto. Yote kwa sauti moja kavu, kama anayetangaza bei ya viazi. Wageni hucheka. Sisi tumelelewa hivyo. Msomaji akijaribu kuigiza, akalia na anayelia, ukumbi mzima huguna.

Msomaji wa klabu yetu ya filamu ni Bwana Eligiusz Pakuła. Tunakutana katika ukumbi mdogo nyuma ya kiwanda cha nguo kilichokufa, na wengi wetu tulimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kazi yake ya mkate, hadi alipostaafu, ilikuwa kutangaza treni stesheni. Klabuni alisoma kwa mapenzi tu.

Alizaliwa mtaa wa wafumaji. Mama yake aliingia kiwandani akiwa msichana, na mitambo ya kufuma ikala masikio yake kidogo kidogo, hata mwanawe alipoanza shule, mama alikuwa hasikii tena mlango ukigongwa. Baba alimpigia kelele na mama hakumwelewa. Mtoto akagundua kwamba kupayuka hakusaidii. Akajifunza kusema polepole, kila neno limesimama peke yake, na mama akamwelewa. Basi akawa mdomo wa nyumba nzima. Majirani, daktari, padri, wote walipita kwa Eligiusz kumfikia mama yake.

"Kelele ni mwizi," alizoea kutuambia. "Inaingia nyumbani mwako mchana kweupe, na hakuna polisi wa kumwita."

Ndani ya kibanda chake kulikuwa na kitufe cha kuzungusha, cha kushushia sauti ya filamu kila anapofungua kinywa. Hicho ndicho alichojivunia kuliko sauti yake. Alikishusha na kukipandisha kwa ulaini kiasi kwamba mtazamaji hakujua kama kimeguswa. Usipoona mkono wa msomaji, alisema, ndipo msomaji amefanya kazi.

Sasa, mimi ndiye ninayechagua filamu za klabu, na sioni haya kusema ninazichagua kwa hasira. Tumefundishwa kusujudia majina yaleyale kumi ya Paris na Roma, huku jirani zetu, watu tunaokunywa nao bia, walitengeneza filamu za kukutoa jasho, zikafungiwa kwenye makopo, zikasahauliwa na wao wenyewe. Ninazitafuta. Ninawaandikia watunza hifadhi hadi wanichoke. Ndivyo nilivyopata nakala moja kutoka Bratislava, huko Slovakia, filamu ya miaka ya sitini ya mwishomwisho, kuhusu kijiji cha bondeni kinachosubiri kuzamishwa na bwawa jipya. Ilionyeshwa siku chache tu huko kwao kisha wakubwa wakaifungia. Mwongozaji alikufa bila kuiona tena. Kwa klabu yetu ilikuwa ushindi. Nakala ilifika Jumamosi asubuhi, na ilipaswa kurudi Jumatatu. Hakuna aliyepata nafasi ya kuitazama kabla. Tulikuwa na tafsiri ya mazungumzo, tukaona yatosha.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Wanakijiji kwenye filamu walibishana, walikunywa, waliuza ng'ombe, na Bwana Pakuła aliwasoma wote vizuri. Kisha, karibu na mwisho, maneno yakaisha kabisa. Watu wakatoka nyumbani mwao wakasimama wakitazama bonde. Bonde lilikuwa kavu. Mwanamke mmoja akaanza kukimbia, kisha wote, kwa muda mrefu, katika ukimya mtupu. Filamu ikaisha.

Kwetu filamu haiishi bila majadiliano, na majadiliano ya siku ile yalikuwa matamu. Mwalimu mmoja wa chuo alisema ukimya ule ni wa kisiasa: watu walionyimwa sauti. Mwingine akasema ni ukimya wa Mungu.

"Mimi nauliza swali la kijinga," alisema Bi Teodozja, mstaafu wa posta ambaye huja na chupa yake ya chai na kofia ya manyoya hata wakati wa joto. "Wanakimbia nini?"

"Ndiyo uzuri wake, mama. Hatujui."

"Mimi nikikimbia huwa najua," alisema Bi Teodozja, na ukumbi ukacheka.

Bwana Pakuła akatoka kibandani, amechangamka, akanyoosha koti lake. "Jamani, msinilaumu kwa ule mwisho. Nakala ni mbovu. Mkanda wa sauti umeoza kabisa, unavuma, unakwaruza, unanguruma. Nikaushusha hadi chini. Mngepoteza masikio!"

Watu wakampigia makofi. Naam, tulimpigia makofi.

Safu ya nyuma akasimama mwanamke mzee, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, mkoba wa safari miguuni. Alisema Kislovakia, polepole, na Mpoland akisemeshwa Kislovakia polepole huelewa.

"Samahani, bwana. Ile sauti iliyooza niliitengeneza mimi."

Jina lake lilikuwa Vlasta Hronská. Hakutuarifu wala hatukumwalika. Aliona tangazo letu, akapanda treni, akabadilisha treni huko Katowice, akakata tiketi kama mtu yeyote. Msimu mzima wa baridi, wakati huo yeye binti mdogo, alikuwa kwenye chumba cha redio na mashine za umeme za kuzalishia sauti, zile za mwanzo kabisa ambazo hazikuwa hata na kinanda, nyaya zimetapakaa kama utumbo, akirekodi mngurumo baada ya mngurumo, akikata tepu kwa wembe na kuiunganisha kwa gundi. Mwongozaji hakuwa na bwawa la kupiga picha. Alimwambia: maji nitayaona kwako. Katika filamu ile maji hayaonekani hata tone moja. Maji ni sauti.

"Nimeisikia kwenye hedifoni tu," alisema. "Siku zile walizoionyesha nilikuwa mgonjwa, na baadaye wakaifungia. Nilitaka kuisikia mara moja ikigonga ukuta, kukiwa na watu. Kesho mchana narudi." Akainua mkoba wake. "Lakini bwana anasoma vizuri."

Wale waliokuwa wamesema Mungu na siasa walitazama viatu vyao. Nami nilitazama vyangu. Lakini aibu yetu ilikuwa imegawanywa kwa ukumbi mzima, kila mmoja akapata kipande kidogo. Ya Bwana Pakuła ilikuwa yake peke yake. Shingo yake ilipanda wekundu hadi masikioni. Mtu yule, ambaye mji mzima ulipanda treni kwa kinywa chake, akatugeuzia mgongo. Akarudi kibandani, akajifungia.

Tulipompeleka Bibi Hronská hotelini na kurudi, tulimkuta Bwana Pakuła kwenye ngazi za chumba cha mitambo akimbembeleza Sabina, mwanamke anayeendesha projekta yetu.

"Kesho asubuhi, Sabina. Mara moja tu."

"Kesho Jumapili, Bwana Eligiusz. Asubuhi watu wako kanisani, na wasio kanisani wako juu ya sufuria ya supu ya kuku. Utamwonyesha nani, viti?"

"Watu nitawatafuta mimi."

"Utawaambia nini?"

Bwana Pakuła akatazama mlango wa ofisi, penye simu.

"Mimi nitakuja," alisema Sabina. "Ila sitaki kusikia kwamba projekta ndiyo ilikuwa mbovu. Nimesikia mtu ameshaanza kusema hivyo kule chini."

"Nitasema ukweli."

Akakaa kwenye simu ya ofisi, jioni ile, akampigia mwanachama mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa napanga viti upande wa pili wa mlango na nilisikia. Shida yake ilikuwa moja: kila mtu aliijua ile sauti, na kila mtu alidhani ni mzaha.

"Eh, Bwana Pakuła! Treni imechelewa?"

"Hapana, bwana. Nimeharibu filamu."

"Umeharibu vipi, mbona ulisoma kama malaika?"

"Niliizima. Mwisho wake wote, niliuzima. Ninakuomba uje kesho uione."

"Lakini nimeshaiona."

"Hujaiona, bwana. Nilikunyima."

Akarudia maneno hayo nyumba baada ya nyumba. Wengine walimfariji, na kila alipofarijiwa sauti yake ilizidi kudhoofika. Mwalimu wa chuo alimwambia kwamba, kwa maoni yake, toleo la kimya lilikuwa na nguvu zaidi. Bwana Pakuła akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Toleo hilo ni langu, bwana, na mimi si msanii," akakata simu.

Jumapili asubuhi walikuja wachache. Bi Teodozja alikuja na chai yake baada ya misa ya kwanza. Walikuja wazee wanne watano, wanafunzi wawili wenye macho mekundu ya Jumamosi, na mfagiaji wa ukumbi ambaye alikuwepo tu. Bibi Hronská aliketi katikati, mkoba miguuni.

Kabla taa hazijazimwa, maikrofoni ya kibandani ilikohoa. Tuligeuka. Kwa miaka yote ile hatukuwahi kumsikia akisema kwenye maikrofoni neno lake mwenyewe. Msomaji hana maneno yake.

"Mimi," alisema. "Mimi jana." Ile sauti iliyokuwa haijikwai hata kwa majina ya Kihungari ilikuwa inajikwaa kwa neno jana. "Nilisikia kitu nisichokijua nikadhani ni uchafu. Sikumuuliza mtu. Nikakifuta. Bibi Hronská, nakuomba radhi mbele ya... mbele ya waliokuja. Sabina, anza."

Akasoma. Alisoma vibaya kuliko nilivyopata kumsikia, akichelewa, akirudia. Wanakijiji wakabishana, wakanywa, wakauza ng'ombe zao. Kisha maneno yakaisha.

Mwanzoni nilidhani ni bomba la joto la ukumbi. Sauti nyembamba, ya mbali, kama birika linalofikiria kuchemka. Ikakaa hapo. Chini yake ikaja nyingine, nzito, isiyo na mdundo, ikawa inapanda bila kuonekana inapanda, na juu yake vitu vidogo vikaanza kukwaruza na kupasuka, kama mawe yanayosogezwa na mtu asiye na haraka. Watu wa filamu walitoka nje wakatazama bonde, na bonde lilikuwa kavu vilevile, ila sasa hakuna aliyeuliza wanatazama nini.

Bibi Hronská hakuwa akiitazama filamu. Alikuwa amegeuka upande, anatutazama sisi. Akainua mkono kuelekea kibandani, kiganja juu, akaupandisha hewani kidogo. Ongeza.

Bwana Pakuła akaongeza.

Akaupandisha tena.

Nilimwona kupitia kioo. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayeng'olewa jino. Hakuipenda sauti ile, nami sitadai kwamba aliipenda. Ilikuwa yote aliyoyachukia tangu utotoni. Akaongeza. Kioo cha kibanda kikaanza kulia. Mwanafunzi mmoja akaziba masikio, mzee mmoja akainuka akatoka akilaani. Mwanamke wa filamu akaanza kukimbia, na Bi Teodozja, bila kuondoa macho kwenye picha, akainua buti zake kutoka sakafuni, moja, kisha ya pili, akaziweka kwenye kiti cha mbele.

Bibi Hronská aliona. Akafunika mdomo kwa mkono.

Taa zilipowaka hakukuwa na majadiliano. Bi Teodozja alishusha miguu yake, akazipangusa buti, akaona tunamtazama. "Nini? Sakafu ina baridi."

Tulimtafuta Bwana Pakuła kibandani, hayupo. Nilimkuta kwenye ngazi za nyuma, koti mkononi.

"Mwambie nimekwisha ondoka," alisema.

"Yuko nyuma yangu, Bwana Eligiusz."

Na kweli alikuwa nyuma yangu. Bibi Hronská aliteremka ngazi mbili akasimama mbele yake. Hakumwambia si kitu, wala hakumwambia amesamehe, na nilimheshimu kwa hilo.

"Jana ulinizima kwa ustadi," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyegundua."

"Hilo ndilo lililoninyima usingizi, Bibi. Laiti angepiga mayowe hata mtu mmoja tu."

"Ningepiga mimi. Lakini niliona watu wametulia, nikafikiri labda ndivyo wanavyopenda. Nimeshazoea." Akavaa glavu zake. "Stesheni iko mbali?"

"Nitakuonyesha."

Bwana Pakuła akauchukua mkoba wa Bibi kabla mimi sijaufikia. Niliwafuata hadi mlangoni. Waliondoka hivyo kwenye barabara ya Jumapili, Bibi Hronská mbele, Bwana Pakuła nyuma yake hatua kadhaa na mkoba wa mtu mkononi, akisonga mbele kidogo kila walipofika kona ili kumwonyesha njia kwa kidole, kisha akirudi tena nyuma.