Mashavu ya Shemeji

Miaka ile ya njaa na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, Temeke nzima ilikuwa imekonda isipokuwa shemeji yangu. Mashavu yalimjaa mpaka balozi wa nyumba kumi akaja kuchungulia uvunguni, akidhani tumeficha sukari ya magendo. Dada yangu, mkewe, akawa anajishaua: "Mume hutunzwa, jamani!" Hata mama mkwe wake, aliyekuwa akisema mapishi ya dada hayafai hata kwa kuku, akafyata mdomo.

Uongo mtupu! Mie nilikuwa naishi nao, nikijua. Shemeji alikuwa na pumu, na miaka mingi alikuwa akimeza vidonge vya kumtuliza kifua. Vidonge ndivyo vilivyomvimbisha uso. Dada alivificha chini ya kanga zake, sifa akabaki nazo yeye.

Basi siku moja ngiri ikambana shemeji, tukamkimbiza hospitali, mama mkwe nyuma yetu. Maumivu hayakumwacha aseme neno, hivyo dada ndiye aliyejibu. Daktari akauliza mgonjwa anatumia dawa gani.

"Dawa ya nini? Anatumia chakula changu!"

Mie nikaacha; pumu na ngiri wapi na wapi? Shemeji akapasuliwa salama. Kesho yake akalegea kama mlenda. Jasho la baridi, presha chini, ukimwita haitikii. Kidonda kizuri, damu haivuji, dripu inaingia chupa kwa chupa, wapi! Daktari akatugeukia tena.

"Huyu mtu alikuwa anameza nini?"

Mama mkwe kasimama palepale. Dada anatazama kucha zake. Nilipandwa na hasira, nikamfinya kiunoni.

"Sema, au nasema mie! Au unataka kuwa mjane hodari wa kupika?"

Dada akaangua kilio. "Yale mashavu si ya mapishi yangu! Ni vidonge vya pumu!"

Daktari akashika kichwa, nesi akakimbilia sindano. Daktari akatueleza kuwa juu ya figo kuna vitezi viwili, kazi yake kuupa mwili nguvu ukipata misukosuko. Ukimeza vidonge vile muda mrefu, vitezi vinabweteka. Sasa vidonge vimekatika ghafla, na kisu juu yake, mwili hauna wa kuutetea.

Shemeji akachomwa sindano. Jioni presha ikapanda, akafumbua macho, na daktari akamgombeza hapohapo kwa kumeza vidonge kwa siri. Alipoondoka, shemeji akatutazama.

"Nani kasema?"

"Mie," dada akajibu.

"Mbele ya mama?"

"Mbele ya mama."

Shemeji akaguna. "Umekwisha. Sasa atahamia jikoni kwako."

"Ahamie," dada akasema, akimfuta jasho, machozi yakimtiririka. "Ahamie hata kesho."