Sindano ya Ndama Haimfai Mtoto

Saa moja asubuhi, kwenye zizi moja nje kidogo ya Rujewa, Mwigulu Shija anamkandamiza ndama kwa goti, anamdunga sindano shingoni, kisha anamwachia. Ndama anachechemea kwenda kwa mama yake.

"Goti lake lilivimba kama boga," anasema. "Deksa itamnyoosha."

Deksa ni dawa ya kupunguza uvimbe, mojawapo ya zile ziitwazo steroidi. Mwigulu, ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, ni msaidizi wa bwana mifugo. Kwa ng'ombe mmoja hupata shilingi elfu mbili, siku nyingine huambulia maziwa tu.

Dawa hiyo ndiyo iliyomletea maneno.

Juni mwaka jana mjukuu wake Shedrack, mtoto wa miaka miwili, aliamka akikohoa kama mbwa anayebweka. Kila akivuta pumzi, koo linakoroma.

"Baba, chukua ile ya ndama," mkamwana wake Nyamizi, mama wa mtoto, alimsihi. "Mpe hata tone!"

"Chupa nilishaishika," anasema Mwigulu. "Nikamtazama mtoto. Nitampimia nini mimi? Na huo uvimbe nauona wapi?" Akairudisha chupa mfukoni, akawasha pikipiki.

Katika kituo cha afya, tabibu Veneranda Mgaya, mwenyeji wa Ilula, alimpima mtoto uzito na kumnywesha dawa kidogo. Baada ya saa chache mkoromo ukapungua. Nyamizi akauliza ni dawa gani.

"Deksamethasoni."

"Si ile ile ya ndama? Baba, umetusumbua bure!"

Tabibu akamkatiza. "Mama, huyu njia ya hewa ilivimba hapa juu, kooni. Mwingine atabanwa kifua kwa nimonia. Huyo ukimdunga deksa ukakaa nyumbani kusubiri, unaweza kumzika."

Kijijini habari ilifika nusu: deksa imemponya Shedrack. Wazazi wakaanza kupiga hodi.

"Ng'ombe wangu unawadunga," jirani yake Anord alimfokea, "mwanangu mimi hafikii ndama?"

"Panda pikipiki, utanitukana njiani," Mwigulu alimjibu.

Mtoto wa Anord alikutwa na nimonia. Alilazwa, akawekewa oksijeni na kupewa antibiotiki. Leo anakimbiza kuku uani.

Wengine bado wanamlaumu Mwigulu. Baadhi wamehamia kwa Zabron, mdunga ng'ombe wa ng'ambo ya mfereji. Inasemekana yeye hakatai mtu, awe na ndama au na mtoto. Hilo ndilo linalomkosesha Mwigulu raha kuliko kupungukiwa na wateja.

Jumamosi ijayo ni siku ya josho, ambapo wafugaji wote hukutana kuogesha mifugo. Amemwomba Veneranda aje azungumze nao, naye amekubali.

"Mimi nikisema, wanaona nawabania," anasema akifunga mfuko wake. "Wamsikie tabibu mwenyewe. Na Zabron nimeshamfuata kwake, kasema atakuja. Nitamkalisha mbele kabisa."