Taa ya Mbarouk wa Mikate

Watu wa barabara ya Pangani walimjua Mbarouk kwa honi yake, wala si kwa sura. Sura yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, na kwa kuwa alipita giza likiingia, hakuna aliyeshughulika kuitazama. Honi ndiyo iliyokuwa na heshima. Ikilia Mwambani, mabirika yalibandikwa jikoni. Ikilia Tongoni, watu walitoka nje. Ikilia Kigombe, mkewe Wanu alitandika mkeka barazani, akajua mume amerudi salama. Kila alasiri Mbarouk alipakia mikate themanini kwenye sanduku la bati nyuma ya pikipiki lake, pale kwenye tanuri la Mufaddal mjini Tanga, na kila magharibi sanduku lilifika nyumbani tupu.

Ulikuwa mwaka themanini na sita. Bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi madukani baada ya ile miaka ya foleni, na watu walizitazama kwa jicho la pembeni, hawajui zitakaa siku ngapi. Sabuni ambayo jana iliuzwa kwa minong'ono, leo ilipangwa mezani hadharani. Wanu naye aliweka meza uani, akauza vipande vya sabuni. Mbarouk hakuona ajabu. Wakati wa msako wa walanguzi, mwaka themanini na tatu, yeye alikuwa kwao Pemba akichuma karafuu. Alikuja Kigombe mwaka uliofuata, akaoa, na ya nyuma hakuyauliza. Aliambiwa mkwewe, mzee Kombo, alikufa kwa maradhi. Akasema Mungu amrehemu, basi.

Shida ilianza na lori la mkonge. Taa ya nyuma ya pikipiki ilikuwa haina balbu. Kila aliyoitia iliungua kwa mtikisiko wa barabara ile. Jioni moja lori likamjia kwa nyuma, halikumwona, likamkosa kwa upana wa kiganja. Mbarouk akaangukia mtaroni, mikate ikatapakaa mchangani. Tangu siku hiyo, akisikia tu ngurumo nyuma yake, alishuka akasimama pembeni mpaka ipite. Akawa anafika vijijini watu wameshakunywa chai yao kavu, na mikate ikawa inarudi.

"Mbarouk, ndugu yangu," Mufaddal alimwambia, na haya zilimjaa usoni, "sanduku likirudi tena na mikate, itabidi nimpe mtu mwingine. Usinichukie."

Wanu kwa upande wake hakuwa na haya hata kidogo. "Tia taa, au liuze hilo pikipiki lako. Mie eda siitaki."

Ndipo akaenda Ngamiani kwa Haidar, fundi wa redio. Haidar alikuwa na kopo la vitaa vyekundu vidogo kama punje za mahindi, alivyoving'oa kwenye redio kaseti zilizokufa, vile vinavyochezacheza kufuata muziki.

"Vinaitwa LED," alisema kwa majivuno, utadhani kavibuni yeye. "Ndani hamna uzi wa kuungua. Pikipiki liruke litakavyo, havijali." Akavipanga kumi na viwili kwenye ubao, akauweka juu ya fimbo nyuma ya sanduku, ukapita kichwa cha dereva. Akaunga waya zake, na vitaa vikaanza kukonyeza: vikawaka, vikazima, vikawaka, mbele na nyuma. "Lakini betri yako imechoka, kaka. Honi inaifyonza yote. Chagua: honi au taa."

Mbarouk alifikiri kidogo. Honi haikuwahi kulizuia lori. "Ng'oa honi," akasema. "Watu wananijua."

Kosa lake ndilo hilo, na tusimcheke. Ni nani kati yetu anayejua anajulikana kwa kitu gani?

Jioni hiyo aliondoka na mikate yake themanini, na nje kidogo ya mji lori la mkonge likamjia nyuma. Mara hii hakushuka. Lilipunguza mwendo, likatanua, likampita kwa adabu zote, na dereva akampungia mkono. Mbarouk alicheka peke yake barabarani. Alijiona kazaliwa upya.

Furaha hiyo iliishia Mwambani. Kwenye baraza ya duka wanaume wanne walikuwa wakicheza bao. Mbarouk aliinua mkono kuwasalimu, na hapo hapo kibatari kikazimwa. Alipofika alikuta bao, kete, vikombe vya kahawa vinavyofuka moshi, na mtu hata mmoja hayupo. Akaangaza huku na huku. Akaona jamaa anakimbia na furushi kichwani, na ndara moja imemvuka ikabaki njiani.

"Ndugu!" alipaza sauti juu ya ngurumo ya injini. "Ndara yako!"

Mbarouk alikuwa mtu wa imani. Aliokota ndara, akaelekeza pikipiki kwa yule jamaa amrudishie mali yake. Jamaa alitupa furushi, akatupa na ndara ya pili, akapotelea minazini. Mbarouk alizipanga ndara jozi juu ya furushi, mwenyewe akirudi azione. Alijinusa kwapa. Alifungua sanduku akanusa mikate. Hakuna mkate uliouzwa.

Njiani kuelekea Tongoni akili yake haikukaa mahali pamoja. Labda kuna msiba. Labda pana uvumi kwamba mikate ya Mufaddal ina sumu. Labda nyuma yake amepakia kitu asichokiona. Wazo hilo la mwisho lilimsumbua zaidi, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti, na shingo hakuigeuza.

Tongoni palikuwa kimya kama watu wamehama. Alisimama mbele ya nyumba ya Bi Mwanaima, mama mtu mzima aliyenunua mikate miwili kila siku ya Mungu. Injini hakuizima, maana kuiwasha ilikuwa kazi ya kumtoa mtu jasho.

"Shikamoo, Bi Mwanaima! Mkate!"

Komeo lilisikika likisukumwa ndani. Kisha sauti ya bibi, nyembamba, inatetemeka: "Hapana kitu humu, baba! Tulishaacha!"

"Mmeacha mkate?"

"Tulishaacha vyote! Miye mtu mzima, nihurumie!"

Mtu akiogopa hasikii maneno, husikia sauti ya kiume tu. Lakini Mbarouk angejuaje? Alichoelewa ni kwamba kijiji kizima kimeacha kula mkate kwa siku moja, na kesho Mufaddal atampa mtu mwingine sanduku. Alisikia uchungu wa kulia. Amewakosea nini watu hawa?

Alifika Kigombe na mikate yake themanini. Mkeka haukutandikwa. Nyumba ilikuwa giza na mlango wazi. Aliliegemeza pikipiki kwenye ua wa makuti, injini inaunguruma na taa inakonyeza juu yake, akazunguka mbio hadi uani.

Wanu alikuwa amesimama kando ya kisima, amempa mgongo. Meza yake ilikuwa tupu. Mkononi alikuwa na kipande cha mwisho cha sabuni, na Mbarouk akakiona kikianguka, akasikia maji yakikipokea.

"Wanu!"

Mkewe hakugeuka. Alinyoosha mikono yake mitupu pembeni, vidole wazi, na kusema kwa sauti ambayo Mbarouk hakuwahi kuisikia: "Ilikuwa yangu peke yangu. Mume wangu hayumo. Msimchukue mume wangu."

Taa nyekundu iliupaka ukuta, ikaufuta, ikaupaka. Ndipo alipofahamu kwamba mkewe anaogopa kitu kilichoingia naye uani. Alirudi mbio, akazima injini, taa ikafa.

"Wanu, mie. Mie Mbarouk."

Aligeuka taratibu. Alimtazama mumewe, akatazama ile fimbo juu ya ua, akakaa chini pale pale penye tope na kulia kwa sauti.

Alipoweza kusema, alisema. Mwaka wa msako askari walikuja magharibi. Mbele pikipiki lenye taa nyekundu ikikonyeza hivyo hivyo, nyuma Landrova. Baba yake, mzee Kombo, alikutwa na vipande sita vya sabuni chini ya kitanda, akaitwa mlanguzi. Walimchukua, wakamfunga miezi minne. Aliporudi akawa anakaa tu anatazama njia, na mvua za masika hazikumkuta.

"Uliniambia maradhi," Mbarouk alisema polepole.

"Ndiyo maradhi yenyewe." Wanu alijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mbona hukupiga hodi? Mtu mwenye heri hupiga hodi. Wale hawakupiga."

"Naing'oa hiyo taa sasa hivi."

"Thubutu! Nimekwambia eda siitaki." Akasimama, akakung'uta kanga. "Acha taa. Wewe piga hodi."

Basi Mbarouk, mikate themanini sandukuni, alilisukuma pikipiki lake kwa miguu njia nzima ya Kigombe akiita mlango kwa mlango: "Hodi! Hodi jamani, Mbarouk wa mikate!" Mwanzo kulikuwa kimya. Kisha mlango mmoja ukajibu, "Karibu," ukafunguka upana wa jicho. Ukafuata wa pili. Mikate iliyobaki aliiuza asubuhi, njiani kwenda mjini. Bi Mwanaima alinunua miwili na kumchapa bega kwa upawa. "Weye mtoto utaniua miye!" Mwambani furushi na ndara havikuwepo tena, na hakuna aliyesema ni vya nani. Kwa Mufaddal sanduku lilifika tupu.

Tangu hapo alipita barabara ile akikonyeza kwa nyuma na kupiga hodi kwa mbele. Kabla ya kila kijiji alianza kuita mpaka koo likamkauka, na malori yalimpisha, na watu wakamkaribisha.

Kisima tu ndicho kilichokataa kusahau. Siku tisa ndoo ilipanda na povu, na chai ikanuka sabuni. Wanu alitaka kuimwaga kila siku kwa haya. Mbarouk aliinywa yote, kikombe mpaka chini, akakinyoosha tena kwa mkewe.

"Nitilie nyingine," alisema.