Maji ya Juu, Maji ya Chini

Fransiska hakuuomba ufunguo wa banio. Alipewa mkutanoni, na kitu ukishapewa mbele ya kijiji kizima, kukikataa ni sawa na kuwatukana waliokupa.

Ilikuwa wakati ule mkoa wa Manyara umetoka tu kukatwa kutoka Arusha. Huko Gitting, kwenye mteremko wa mlima Hanang, habari za chama cha ushirika zilikuwa zimeshasahaulika. Malori ya wafanyabiashara yalikuja mpaka shambani kuchukua vitunguu, na kitunguu hakivumilii kiu. Ndipo wakajenga banio: ukuta wa saruji uliokatiza kijito, na katikati yake lango la mbao zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikazuiwa kwa nondo na kufuli. Mbao zikishushwa, maji yote yanageukia mferejini kwenda mashambani. Zikiinuliwa, yanashika njia yao ya zamani, yanateremka bondeni upande wa kijiji cha Gendabi hadi ziwani.

Ziwa lile ni la chumvi. Lakini pale kijito kilipoingilia, maji baridi yalichanganyika na yale ya chumvi, na mahali hapo padogo paliota matete, perege wakazaliana, na ndama wakapata majani hata kiangazi. Fransiska alizaliwa hapo. Baba yake, mzee Hhando, alikuwa mmoja wa wachache waliojifunza kutega nyavu, wakati majirani zake hawakutaka hata kusikia harufu ya samaki.

"Wewe umezaliwa chini, umeolewa juu," Patriki alimwambia mkutanoni. Patriki alikuwa kaka mkubwa wa mumewe na mwenyekiti wa kamati ya maji. "Watu wa chini hawatasema tumewaibia. Na sisi tunajua watoto wako wanakula huku."

Watu wakapiga makofi. Makubaliano yalikuwa kwamba kila Jumapili mbao zitainuliwa, maji yateremke.

Kiangazi cha kwanza, Patriki akaja jikoni kwake. "Shemeji, Jumapili hii usiinue. Vitunguu vinatia kichwa sasa."

Jumapili iliyofuata akaja tena. Kisha hakuhitaji kuja. Fransiska aliziacha mbao chini, na kila alipokutana na mtu wa Gendabi mnadani alipita njia nyingine.

Mwishowe akateremka kumwona baba yake. Alimkuta ameketi ufukweni, nyavu zimekauka mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sogea hapo, uonje maji."

Fransiska akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Yalikuwa chumvi tupu, mpaka penye mashina ya matete. Matete yenyewe yamekuwa rangi ya kutu, na perege wanaelea wamefumbua vinywa.

"Sikulaumu," mzee Hhando akasema. "Mtu ni wa pale anapopikia."

Kama baba angemfokea, Fransiska angeweza kurudi nyumbani akalala. Neno lile lilimfuata njia nzima. Mvua za kwanza zikanyesha mlimani, bwawa nyuma ya banio likajaa, maji mekundu ya tope. Jumapili, watu walipokuwa misani, alikwenda akafungua kufuli na kuinua mbao zote kwa mpigo. Maji yakaondoka kwa kishindo. Alisimama akiyatazama, na kwa kitambo kidogo kifua chake kikawa chepesi.

Siku ya pili Gidabuday, mfugaji jirani wa baba yake, akapanda mlima. Hakukaa alipokaribishwa.

"Dada, mzee amesema bora ungeyaacha. Tope limefunika vichimbo vya mayai ya samaki, nyavu zimekwenda, na matete yaliyosalia yamelala. Hatukutaka gharika. Tulitaka kidogo kidogo, kila siku, kama mgonjwa anavyonyweshwa uji."

Huku juu nako hapakuwa na salama. Mvua zilikatika, bwawa likawa tupu, na miche ya vitunguu ikanyauka kwenye matuta.

Mkutano wa watu wa juu na wa chini ukaitwa. Fransiska akaweka ufunguo mezani. "Nimeshindwa. Apewe mwingine."

"Akishika mtu wa huku, sisi hatukubali," akasema Gidabuday.

"Akishika mtu wa kwenu, sisi ndio hatukubali," akajibu Patriki, akausukuma ufunguo ukarudi kwa shemeji yake bila kumtazama usoni.

Walipofika nyumbani, mumewe, Margwe, alisogeza kikombe cha chai pembeni. "Ungeniambia."

"Ungesemaje?"

Akafikiri. "Ningesema usiinue."

"Basi."

Asubuhi Fransiska alichukua msumeno wa mumewe, akaenda banioni mchana kweupe, watu wakipalilia pande zote. Akaingia majini akaanza kukata ubao wa chini kabisa, apate pengo la upana wa kiganja, ili hata lango likifungwa lisiweze kuyazuia maji yote. Ubao uliolowa ukaubana msumeno. Alivuta, akasukuma, hautoki. Akamwona Margwe anakuja mbio, akajua amekuja kumnyang'anya. Margwe aliuchukua msumeno kweli. Akaugonga ukatoka, akapiga magoti majini, akamalizia kukata.

Tangu siku ile Patriki hakumsalimu ndugu yake. Zamu yao mferejini ikawa ya mwisho, wanapata masalia, na shamba lao la vitunguu likapungua mpaka likabaki bustani. Kamati haikuuziba upenyo, kwa kuogopa vita na watu wa chini, lakini kila msimu mtu alikuja kumwomba Fransiska aujaze magunia. Na wa chini nao walikuja kumwomba aukate zaidi. Hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini.

Matete yalichipua upya, ukanda mwembamba tu, na perege wadogo wakaonekana. Mzee Hhando hakuwahi kuwatega. Alikufa kabla hawajakua. Siku ya maziko, Fransiska alifika na Margwe, akaelekea walipokaa dada zake, karibu na jeneza. Mama mmoja ambaye alicheza naye utotoni akamshika mkono kwa upole, akamwonyesha mabenchi ya nyuma.

"Wageni wa juu," akasema, "tumewawekea nafasi huku."

Fransiska akaenda akakaa.