Fundo la Kikwembe

Utotoni kwangu, kule Kasugho, maji ya mto yaliwahi kunichukua. Jirani alinivuta nguo, nikatoka mzima wa mwili. Lakini tangu siku hiyo sikusema wala sikula. Nilikaa mlangoni nikiwatazama watu kana kwamba wako ng'ambo.

Mukaka, mama mzazi wa baba yangu, aliniangalia machoni akasema, "Huyu mutoto hapana iko hapa. Roho yake ilibakia ku mutoni. Lazima tuiite."

Baba alikuwa shemasi. Lo! Ungedhani amemwagiwa maji ya moto.

"Mama, sisi tuko bakristo!"

Akaniombea, akaleta wazee wa kanisa wakaniwekea mikono. Nikazidi kukonda.

"Endelea kuomba," Mukaka alimwambia. "Lakini mimi naenda."

Asubuhi moja alichukua kikwembe changu, kitenge cha kujifunga, akanishika mkono hadi mtoni. Akakitandaza juu ya maji bila kukilowesha, akaliita jina langu, "Masika, kuya! Masika, twende ku nyumba!" Kisha akakifunga fundo na kukikumbatia. Alikuwa ameniambia sharti lake: anayekibeba asimwitike mtu mpaka afike nyumbani. Akifungua kinywa, roho inarudi ilikotoka.

Na njiani tukakutana na nani? Baba mwenyewe.

"Wavukire, mama?" akamwamkia.

Mukaka akapita. Kwetu Wanande kutoitika salamu ni tusi kubwa, sembuse kumnyima mwanao. Baba akaliona lile fundo, akafungua kinywa, akakifunga. Akatoka njiani, akasimama kwenye majani mpaka tukapita. Jioni nikasema, "Niko na njala," na baba akalia mbele yetu sote. Hakuwahi kuligusia jambo hilo tena.

Sasa niko Butembo. Tulikimbia kutoka Bungulu, kule Beni, wakati wa mauaji, sikubeba hata sufuria. Tangu hapo nimechoka, uchovu ambao usingizi hauuondoi, na hamu ya kula imeniisha. Nimefunga, nimepanda mlima wa maombi, nimehudhuria hata semina ya kubadili fahamu, ambako mwalimu alitufundisha kupumua polepole na kumtafuta mtu wa ndani. Nilimtafuta. Jamani, hakuwepo! Nilirudi nyumbani na hasira, nikammwagia yote baba, ambaye siku hizi ni mzee na anaishi kwangu.

"Basi wewe uko wapi?" aliniuliza.

"Nilibakia Bungulu, baba."

Asubuhi yake kikwembe changu hakikuwa kwenye kamba, na yeye hakuwa chumbani. Nikatoka kumtafuta. Nilimkuta mwisho wa mji, pale barabara ya Beni inapoingia, akirudi polepole, fimbo mkono mmoja, kikwembe changu kifuani kimefungwa fundo. Shemasi mzima!

"Wavukire, baba?"

Akapita bila kuitika. Machozi yalikuwa yanamtoka, midomo ameibana. Nikatoka njiani, nikasimama kwenye majani.

Sijui kama kulikuwa na kitu ndani ya fundo lile. Wachungaji na walimu wa semina wabishane wao, mimi sina nguvu hiyo. Ninachojua ni kwamba baba, aliyeniombea kwa sauti maisha yangu yote, asubuhi ile alininyamazia. Nikamfuata nyuma taratibu, na kabla hatujafika nyumbani nikasikia njaa.